Matundu Mawili ya Karavani

Papa Ramazani tulimzika Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, na alasiri ile ile sisi wanawake tuliketi kwenye mikeka uani kwake, hapa mtaani Kasuku, tukichambua mchele wa matanga. Binti yake wa kwanza alinishika mkono akawaonyesha wageni waliotoka Kalima. Akasema ndiye huyu, ndiye yule msichana aliyemwambia komanda azime sigara, na bila yeye kuna watu wasingezaliwa. Wageni wakanitazama, na mama mmoja akasema kumbe mwenyewe ni mtu wa kimya hivi. Wakacheka kidogo, kicheko cha msibani, nami nikainamia ungo nikatafuta mawe mahali ambapo hayakuwepo. Habari hiyo nimeisikia kwenye arusi na kwenye vilio kwa miaka yote hii, na kila mara inaanza na sigara na kuisha na sigara. Nusu nyingine walioielewa ni watu wawili tu, na wote wawili sasa wako chini ya udongo. Niliiandika wakati ule katika daftari la shule, kwa maneno mafupi, kwa woga wa mtu kuisoma. Leo naiandika kwa urefu wake.

Habari za baba na mama nitaziacha. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilikaa kwa Mama Mukubwa, dada wa mama yangu, ambaye watu walimwita Mama Feza na alikuwa akizalisha wanawake katika dispansera, zahanati ndogo ya mtaa. Treni ilikuwa imekoma kuja kwa sababu ya vita. Hakukuwa na mafuta ya taa, hakukuwa na chumvi. Tulikula sombe, yale majani ya muhogo, na wali bila chumvi mpaka ulimi ukasahau, na siku mtu alipotuletea kijiko kimoja, Mama Mukubwa aliwapa kwanza wazazi wake, wale wanawake waliokuja kuzaa. Jengo la dispansera askari walilichukua wakalifanya la kulala. Kikabaki kitu kimoja uani: karavani. Ilikuwa nyumba ndogo ya bati juu ya magurudumu mawili, ya kuvutwa na gari. Iliachwa na mzungu mmoja aliyekuwa akitafuta madini upande wa Kalima. Alitaka kuipakia kwenye treni, vita ikamkuta, akaondoka na begi tu. Ndani ilikuwa na kitanda chembamba, kabati chini ya kitanda, sinki ndogo isiyo na maji, na harufu ya gundi ya zamani. Juu ya paa kilikuwa kioo cha kuvuta jua, na darini taa mbili ndogo. Betri ilikuwa imeshaibwa. Mama Mukubwa alisafisha kitanda kwa majivu na maji ya moto, akatandika mpira, na kuanzia hapo watoto wa mtaa wetu walizaliwa ndani ya nyumba ya magurudumu. Wazazi wenyewe walikuwa wakitaniana, eti huyu wako atakuwa msafiri tu, hatakaa nyumbani.

Shida ilikuwa mwanga. Watoto hawangojei asubuhi. Mwenye lori moja lililokwama mjini, ambaye mke wake alizalia pale, alitupa betri ya lori lake, kubwa, nyeusi, yenye mikono miwili ya kubebea. Mama Mukubwa alifurahi hata akaipangusa kwa kitenge chake. Ndipo Papa Ramazani alipokuja mara ya kwanza. Alikuwa fundi wa umeme wa reli, mrefu, mpole wa sauti, na kwa kuwa treni hazikuwepo alizunguka mjini akitengeneza redio za watu. Aliitazama ile betri akatikisa kichwa. Nakumbuka maneno yake kwa sababu niliyaandika siku ile ile. Alisema, "Mama Feza, hii ya lori kazi yake ni kusukuma. Inasukuma mara moja, moteri inawaka, moteri inairudishia chakula yake. Wewe unataka ya kutoa pole pole mpaka asubuhi. Hii utaiua." Mama Mukubwa akamjibu kwamba betri ni betri, na kwamba wanaume wa reli wanapenda kuona mabaya ya vitu vya watu wa barabara. Wakacheka. Papa Ramazani aliifunga kama alivyoombwa, akaenda zake.

Iliishi wiki sita. Mwanzoni taa ziliwaka mpaka alfajiri, halafu mpaka katikati ya uchungu, halafu zikawa zinawaka tu kwa muda wa kumlaza mama kitandani. Mama Mukubwa hakupenda kukosea mbele ya watu, kwa hiyo alinituma mimi gare, kwenye kituo cha reli, nikamwite. Sikuwa mtu wa kusema. Shuleni mwalimu akiniuliza jibu ninalolijua, niliinama mpaka amuulize mwingine. Nilisimama mlangoni pa karakana ya Papa Ramazani muda mrefu mpaka aliponiona mwenyewe. Hakuniuliza kitu. Alisema tu, "Imekufa," nikaitikia kwa kichwa, akanipeleka nyuma, kwenye behewa la abiria lililokuwa limeota majani mpaka madirishani. Chini ya sakafu yake kulikuwa na sanduku la chuma, na ndani yake betri za behewa, kila moja peke yake kama kopo refu, nzito kuliko mtoto wa miaka minne. Sita zikifungwa pamoja ndizo zinatosha taa za karavani. Hizo, akasema, zilitengenezwa kwa ajili ya taa za wasafiri treni inaposimama kwenye kituo. Zimezoea kutoa kidogo kidogo na kungoja. Alikuwa na kibomba cha kioo chenye kitu cha kuelea ndani. Alikinyonyesha asidi ya kila kopo, akasoma kilichoelea kilipokomea. Makopo ambayo kilielea chini aliyaacha. Ambayo kilielea juu aliyatia alama ya chaki. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima, na ndiyo asubuhi ya kwanza ya mwaka ule ambayo sikusikia njaa.

Kuzisafirisha kulitaka akili. Askari walikuwa wakitafuta betri kuliko kitu kingine chochote, kwa ajili ya foni, redio zao za kuongea na wenzao walio mbali. Tulizipakia juu ya kinga, baiskeli ya mizigo, ndani ya magunia ya makala, makaa ya kupikia, mbili kwa kila safari. Kopo haliwezi kulazwa, asidi itamwagika; kwa hiyo gunia lilisimama wima kama mtu, na mimi nilitembea nyuma nikilishika lisiegemee. Kwenye kizuizi askari mmoja alichoma gunia kwa kijiti. Kijiti kiliingia kati ya makala kikasimama. Akauliza mbona makala haya ni magumu. Papa Ramazani akamwambia ni ya mti mugumu, na akampa vipande viwili vikubwa akapikie. Safari zote tatu alimpa vipande viwili, mpaka ya tatu yule askari alitusalimia kama jamaa.

Ufungaji ulichukua siku mbili, na Papa Ramazani alinifanya nishike kila kitu. Sanduku la mbao alilipaka nta ya mishumaa ndani ili asidi isile mbao. Alilikalisha kwenye kabati chini ya kitanda, juu ya magurudumu hasa, kwa sababu karavani yenye uzito mbele au nyuma inainuka upande mmoja. Alilifunga kwa mkanda wa ngozi wa mashine, akautikisa, akaufunga tena. Alinivua bangili yangu ya shaba kabla sijagusa spana, akasema shaba ikikutanisha vichwa viwili vya betri, mkono utaiva. Karibu na kichwa cha chanya aliweka fyuzi, waya mwembamba ndani ya kigae, akaeleza kwamba waya mkubwa ukipata kosa, huu mdogo ukubali kufa kwanza. Chanya inafungwa mwanzo, hasi mwisho. Kufungua ni kinyume. Vichwa alivipaka mafuta ya kujipaka, maana grisi haikupatikana mjini. Maji ya kuongeza yalikuwa ya mvua tu, ya kukinga kwenye sahani, kamwe si ya mto Lualaba.

Halafu akatoboa ukuta. Matundu mawili ya kutosha kidole gumba, moja chini karibu na sakafu, moja juu ya sanduku, yote yakitokea nje. Mama Mukubwa alilalamika kwamba panya wataingia kwa wazazi. Papa Ramazani hakubishana. Alichukua chupa ndogo ya dawa, akaiinamisha juu ya mdomo wa kopo moja lililokuwa linachemka chini ya jua, akaiziba kwa kidole, akaipeleka mbali uani. Akaniambia niwashe kiberiti mdomoni mwa chupa. Ilitoa mlio mkavu, kama tawi kuvunjika, na sote watatu tuliruka. "Hii ni ya chupa ya dawa," akasema. "Betri ikishiba jua, inatoa hewa hii. Hewa inatafuta pa kupita. Njo sababu ya matundu. Musizibe hata siku moja, hata kama mumeona nini." Nilikwenda nikaandika: *Yasizibwe hata tukiona nini.* Nikapiga mstari chini yake. Mstari huo upo bado.

Miezi miwili taa ziliwaka. Wanawake walikuja hata kutoka ng'ambo, upande wa Alunguli, kwa mtumbwi, kwa sababu ilisemwa kwa Mama Feza mtu anaona anachofanyiwa. Tulifunika madirisha kwa mablanketi ili mwanga usitoke. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya nje nikishika ndoo, na kupitia bati jembamba nilisikia yote: kina mama wakiwatukana waume zao, wakiomba radhi, wakiulizana bei ya chumvi katikati ya uchungu. Mama Mukubwa aliwaambia watukane tu, bati halina kinywa. Nadhani niliwapenda watu kwanza kupitia ukuta ule, kwa sababu nyuma yake hakuna aliyeningoja nijibu.

Kisha upekuzi ulianza. Askari waliingia nyumba kwa nyumba. Kwa jirani yetu walichukua hata betri ya saa. Siku moja mmoja wao alipita uani, akasimama mbele ya karavani, akaingiza kidole katika tundu la chini. Akaniuliza ni ya nini. Nilikuwa naosha sufuria. Niliinama nikaendelea kuisugua. Mama Mukubwa alijibu kutoka jikoni kwamba kutu imekula, na yule askari akaenda. Lakini kidole kile sikukisahau. Nilikiona nikila, nilikiona nikisali. Kesho yake Mama Mukubwa alipokwenda sokoni, nilikata upindo wa sketi yangu ya buluu ya shule, nikausokomeza katika matundu yote mawili kwa kijiti, nikapaka udongo kwa nje, na juu ya udongo majivu mpaka ukuta ukawa kama ukuta. Nilirudi nyuma nikautazama. Sitasema uongo: nilijisikia mkubwa. Nilikuwa nimefanya jambo bila kutumwa na mtu, na jambo lenyewe lilionekana zuri. Onyo la Papa Ramazani nililikumbuka vizuri. Nilijiambia yeye hakukiona kile kidole. Sikumwambia mtu.

Ikapita wiki bila mzazi. Jua lilikuwa kali, hakuna aliyewasha taa, na zile betri zilishiba zikaendelea kulishwa. Siku ya nane, kabla ya saa sita mchana, akaja Aziza, mke wa mulimaji wa mupunga, mtoto wake wa kwanza, akiwa amevuka mto na uchungu tayari. Mama Mukubwa alimlaza, akafunga mlango na madirisha kwa sababu ya macho ya askari, ndani kukawa giza la mchana. Mimi nilileta maji. Nilipofungua mlango nilisikia harufu, kama ya mayai yaliyooza, na chini ya kitanda sauti ya kitu kinachochemka. Mama Mukubwa alikuwa akinung'unika kwamba Aziza amekula nini huyu. Akaniambia niwashe taa, ilibidi aone. Nilikuwa na mkono kwenye swichi. Nilijua: swichi ikitoa cheche, ile hewa itawaka. Nilirudisha mkono nikasema naleta maji mengine, nikatoka nje kwenda kuzibua, na ndipo nikawaona wanaingia uani: askari watano na komanda wao, mtu mnene mwenye kofia ya sufu katika jua lile, sigara mdomoni.

Walikwenda moja kwa moja kwenye karavani. Komanda akasema, "Banasema huku munaona usiku kama muchana. Fungua." Hakuwa anasema na mimi; nilikuwa kama ndoo. Mama Mukubwa akafungua mlango kidogo, akasimama katikati yake, akamwambia baba, kuna mama ndani, karibu anazaa, ungoje. Akasema hangoji wanawake. Akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Ile sigara ilikuwa mkono mmoja kutoka mlangoni. Hesabu niliifanya yote kwa wakati ule mmoja. Nikinyamaza, huenda hakuna kitakachotokea. Mlango umefunguka, huenda hewa imetoka. Au Aziza atakufa, na mtoto, na Mama Mukubwa. Nikisema, betri zimekwenda, na wote wanaokuja baada ya Aziza watazaa gizani. Nikasema. Sauti haikutoka. Nikasema tena.

"Komanda, zimya sigara."

Askari wakacheka. Mmoja akasema kumbe bubu anasema, na neno lake la kwanza ni amri. Komanda akageuka taratibu, mguu ungali kwenye ngazi, akauliza kwa nini azime.

"Kuna betri ndani. Imechemka. Hewa yake inawaka."

Sikumtazama yeye, nilimtazama Mama Mukubwa. Alifunga macho. Komanda, kumbe, aliwahi kuwa mtu wa foni kabla ya kuwa mkubwa; alielewa kabla ya wote. Alirudi nyuma hatua nyingi, bila kugeuka, akaizima sigara kwenye udongo na kuikanyaga zaidi ya ilivyohitaji. Akaamuru milango na madirisha yote yafunguliwe, akawaambia watu wake waipe karavani mgongo. Hivyo ndivyo Aziza alivyozaa, jua likiingia kila upande, na askari watano wametazama ukuta wa dispansera kama watoto walioadhibiwa. Mtoto alilia. Mmoja wa askari akasema alhamdulillahi, polepole.

Hapo ndipo habari ya kwenye arusi inaposimama. Lakini komanda hakuondoka. Aliuliza nani amefunga kazi safi namna hii. Mama Mukubwa, mikono ikiwa bado na damu, alisema ni mpita njia, amekwisha kwenda Kibombo. Komanda hakumsikiliza. Alinigeukia mimi, akasema kwa upole kabisa, "Wewe njo muntu wa kusema kweli hapa. Ni nani?"

Nilikuwa nimefungua mdomo mara moja na watu walikuwa wamepona. Sijui kama naweza kueleza. Nilidhani kusema ndiko huko. Nikasema, "Papa Ramazani wa gare."

Walimleta kabla ya laasiri. Walimtaka azifungue mwenyewe zisiharibike, na yeye aende pamoja nazo. Alifungua hasi kwanza, kama alivyonifundisha. Halafu nikamwona amepiga magoti mbele ya sanduku, ameingiza kidole katika tundu la juu, akavuta. Upindo wa sketi ulitoka, buluu, mrefu. Akavuta na wa chini. Aliitazama vile mtu anavyosoma barua fupi, akaitia mfukoni kabla askari hajageuka. Kwangu hakuangalia. Walimpandisha gari na makopo yake sita, wakashika njia ya Kalima. Mke wake alikuja uani kwetu akakaa chini, hakulia, aliuliza tu kama mume wake alikuwa amekula. Mama Mukubwa alimwambia alikula. Hakuwa amekula.

Walikaa naye miezi mitano. Mama Mukubwa hakunigombeza kwa lile jina. Alisema mtoto akishikiwa bunduki anasema. Lakini aliacha kunituma kwa watu. Katika miezi hiyo mama mmoja alitufia katika karavani, jioni, akitoka damu ambayo Mama Mukubwa aliitafuta kwa vidole kwa sababu hakuweza kuiona. Nilishika mwenge wa majani. Ulizimika mara mbili. Jina lake lipo katika daftari langu na sitaliandika hapa, watoto wake wapo mjini.

Papa Ramazani alirudi na mvua, kwa miguu. Amekonda, anakohoa, mkono wa kushoto umeungua asidi mpaka kwenye kiwiko. Wiki moja hakutoka nyumbani. Ya pili alikuja uani kwetu akisukuma kinga, na nyuma yake magunia mawili ya makala yamesimama wima. Askari wale walikuwa wamehamishwa. Akasema siku ile alikuwa ametia chaki makopo kumi na mawili, si sita, na mengine yalibaki behewani. Mama Mukubwa alimletea kiti, wali, samaki; alikula kidogo akanawa. Palikuwa na wazazi wawili wamekaa kwenye mkeka wakingoja siku zao, nao walimsalimia wakasema huyu msichana ndiye aliyetuponyea Aziza, umesikia, baba?

Akasema amesikia. Aliingia karavani, akakagua sanduku lake tupu, akapitisha kidole kwenye matundu. Nje palikuwa bado na udongo wangu, umekauka na kupasuka. Akatoka akasimama mlangoni, akauliza, si kwa ukali, kama fundi anayeuliza mwenye nyumba:

"Nani aliziba?"

Mama Mukubwa alisema labda ni askari, labda ni nyigu, nyigu wa mwaka ule walijenga kila mahali. Wale wazazi wakakubali, walikuwa wengi kweli. Alikuwa amenipa njia, na njia ilikuwa pana. Ningeweza kuinama kama shuleni. Nilihisi shingo ikianza kuinama yenyewe.

"Mimi, papa."

Mama Mukubwa aliweka chini beseni alilolishika. Papa Ramazani alinitazama, mara ya kwanza tangu arudi.

"Na jina langu?"

"Mimi."

Aliitikia kwa kichwa mara moja, kama alivyokuwa akifanya kile kitu cha kuelea kilipokomea mahali alipotegemea. Akashuka ngazi, akaenda kwenye kinga, akafungua kamba ya gunia la kwanza na kukung'uta makala ya juu mpaka kopo likaonekana. Mkono wake ulioungua haukukunjika vizuri.

"Vua bangili," akasema. "Shika huku. Iko nzito."